Nosigino

Mwanangu wa miaka mitano anaamini monita yangu inaitwa Nosigino. Jina kalitoa kwangu. Kila kioo kilipozima na kile kiboksi cha bluu kikaanza kuelea kutoka kona hii kwenda ile, nililisoma kwa sauti, kwa hasira, labda mara kumi kwa siku: No Signal. Naye akashika. Jumanne moja akaja mbio jikoni, mikono kiunoni kama mtu mzima. "Mama, Nosigino kafa tena."

Ilikuwa tarehe 17. Wenye kazi kama yangu wanajua tarehe 17 maana yake nini. Ritani za VAT, yaani hesabu za kodi ya ongezeko la thamani, za mwezi uliopita zinatakiwa ziwe zimewasilishwa ifikapo tarehe 20, na mimi natunza vitabu vya wafanyabiashara sita, ambao watano kati yao huniletea makaratasi tarehe 15 yakiwa yamefungwa kwa rababendi. Ripoti za Z, zile za jumla ya mauzo ya siku kutoka mashine ya risiti ya EFD, zimefifia kwa kuachwa kwenye dashibodi ya gari. Ankara za manunuzi zina mafuta ya chipsi. Nazipiga picha zote, naziweka kwenye laptopu, halafu jedwali nalifungua kwenye monita kubwa iliyo pembeni, nasoma huku najaza kule. Bila monita nabaki na laptopu ya inchi 14, na hapo ni kama kupika pilau ya watu arobaini kwenye sufuria ya chai. Inawezekana, ila utalia.

Monita yenyewe ni ya mtumba. Inchi 22, nilinunua Kariakoo miaka miwili iliyopita, ikaja na waya wake mmoja wa VGA, ule mnene wenye kichwa cha bluu, pini 15 na skrubu mbili za kukazia. Laptopu yangu haina tundu la VGA. Ina HDMI tu. Basi katikati lazima kiwepo kitu cha kuunganisha, nacho ndicho hiki tunachokiita adapta.

Hapa niseme haraka jambo lililonigharimu shilingi 15,000 siku za mwanzo. Adapta hizi zina upande. Ya kutoka HDMI kwenda VGA siyo ya kutoka VGA kwenda HDMI, hata kama vichwa vyake vinaingia. Muuzaji alinipa ile ya pili, mimi nikaipokea, nikafika nyumbani nikachomeka, giza. Nikadhani laptopu mbovu. Muuzaji kurudishiwa mali hakutaka. Sawa. Nikanunua nyingine dukani kwa mtu mwingine, nyeupe, ndogo kuliko kiberiti, yenye mkia mfupi wa waya, na hiyo ikafanya kazi vizuri karibu miaka miwili.

Halafu ikaanza.

Mwanzoni kilikuwa kioo kinapepesa tu. Sekunde mbili giza, kinarudi. Unajiuliza kama umepepesa wewe. Wiki iliyofuata giza likawa la sekunde kumi. Kisha ikawa kinazima, kiboksi cha bluu kinaelea, na picha hairudi mpaka nichomoe na kuchomeka tena. Mara nyingine ikirudi, inarudi imevimba: herufi nene, duara limekuwa yai, na laptopu inasema kioo ni cha 1024 kwa 768 wakati najua fika ni cha 1920 kwa 1080.

Kila mtu alikuwa na jibu. Mume wangu alisema umeme, maana kwake kila kitu ni umeme. Mdogo wangu, anayesoma chuo, alisema ni draiva, ile programu inayoendesha sehemu ya picha. Akanielekeza nibonyeze kitufe cha Windows pamoja na Ctrl, Shift na B, vyote kwa mpigo, ili sehemu ya picha ya kompyuta ijiwashe upya. Nilibonyeza. Kioo kilipepesa, laptopu ikalia piip, na baada ya dakika ishirini tukarudi palepale. Nikampigia fundi mmoja ambaye hakuomba hata nimweleze dalili. "Panel hiyo imekufa dada, ilete nikubadilishie." Alitaka laki na themanini. Monita yote niliinunua chini ya hapo.

Sasa, mimi ni mtu wa vitabu. Mteja akiniambia benki imemwibia elfu arobaini, sianzi kwa kumlaumu meneja wa benki. Nachukua taarifa ya benki, nachukua daftari lake la fedha, natia tiki mstari kwa mstari mpaka kilichobaki bila tiki kijitokeze chenyewe. Asubuhi ile ya tarehe 17, baada ya mtoto kutangaza msiba, nilichukua daftari la kaunta nikapiga mistari. Saa. Nilikuwa nafanya nini. Friji inanguruma au imetulia. Giza lilidumu muda gani. Lilirudi lenyewe au nilichomoa.

Friji niliiweka kwa sababu ndiyo niliyoishuku. Iko upande wa pili wa ukuta, na nilikuwa na hakika kwamba kila inapoanza kunguruma kioo kinazima. Ningeapa. Kufikia mchana wa tarehe 18 nilikuwa na mistari 19, na friji ilikuwa inanguruma kwenye mistari minne tu. Kumbe nilikuwa nazikumbuka zile mara zilizolingana na kuzisahau zile ambazo hazikulingana, kosa lilelile ninalowakemea wateja.

Kilichojitokeza kilikuwa kingine. Kabla ya saa nne asubuhi, mstari mmoja. Baada ya saa saba mchana, mistari 13. Chumba changu cha kazi kinaangalia magharibi, na wakati huo wa mchana pangaboi linazungusha hewa ya moto tu, halipozi chochote.

Jioni ya tarehe 17 niliongeza safu moja daftarini, nayo ndiyo ninayojivunia. Nilikuwa nimegundua kwamba giza ni la aina mbili. Katika aina ya kwanza kioo kinazima, lakini laptopu haina habari. Jedwali linabaki kulekule kwenye kioo cheusi, na mshale wa mausi unapotea ukiupeleka upande ule. Katika aina ya pili laptopu inalia ile sauti yake ya kitu kuchomolewa, na madirisha yote yaliyokuwa kwenye monita yanarukia kwenye laptopu, yanarundikana kama watu waliokimbia mvua. Kwa mtu asiye fundi hiyo yote ni monita kuzima. Lakini ukifikiri kidogo, ni mambo mawili tofauti. Katika la kwanza laptopu inaamini bado imeunganishwa, kwa hiyo picha imepotelea mbele huko, kwenye waya au kwenye monita. Katika la pili laptopu inaamini mtu kaja kuchomoa. Na hakuna aliyechomoa. Safu mpya niliiita "Laptopu ilijua?" Katika mistari 11 iliyofuata, tisa ilikuwa ndiyo.

Hapo nikaanza kupiga tiki.

Chini ya nyumba tunayopanga kuna stationari, wanatoa kopi na kupasi picha plastiki. Wana kompyuta ya mezani ya zamani yenye tundu lake halisi la VGA. Nilibeba monita pamoja na waya wake uleule, nikamwomba kijana wa pale anichomekee. Alipoigeuza alisema jambo kuhusu kule nyuma, mimi nina haraka, nikamwambia, "Kaka, wewe chomeka tu hapo kwenye bluu." Akachomeka. Nikamwachia. Saa mbili na nusu baadaye, pale stationari ambako joto ni la kuoka mkate, monita ilikuwa inaonyesha fomu za watu bila kupepesa. Tiki. Monita mzima, waya mzima. Laki na themanini ya fundi imebaki mfukoni mwangu.

Usiku tukachomeka laptopu kwenye televisheni sebuleni kwa waya wa HDMI mtupu. Mume wangu akaangalia mpira kuanzia mwanzo mpaka dakika za nyongeza, na hilo ni jaribio gumu, kwa sababu picha ingekatika sekunde moja tu ningesikia. Haikukatika. Tiki. Tundu la laptopu nalo ni zima.

Kilichobaki bila tiki ni kile kidude cheupe.

Asubuhi ya tarehe 19, kioo kilipozima kwa mara ya kwanza, badala ya kuchomoa nilikishika. Nilikiachia. Kilikuwa na joto la kikombe cha chai ulichojaza mpaka juu. Na nikaona jambo ambalo nilikuwa nalitazama miaka miwili bila kuliona: mkia wake mfupi unaninginia sawasawa mbele ya matundu ambayo feni ya laptopu hutolea hewa ya moto. Tundu la HDMI na matundu ya feni vimekaa ubavu mmoja, vidole viwili katikati yake. Kwa hiyo kidude kinachochemka chenyewe kilikuwa kinapulizwa na laptopu inayochemka, katika chumba kinachochemka.

Kwa nini kinachemka, kwani si waya tu? Siyo waya. Hili ndilo nililojifunza, na nimelipenda. VGA ni mambo ya 1987, ya kompyuta za IBM. Picha inapita kama volti zinazopanda na kushuka, nyekundu kwa pini yake, kijani kwa yake, bluu kwa yake. HDMI, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwishoni mwa 2002, inapitisha namba. Kidude kile kina chipu ndani inayosoma namba na kuzigeuza kuwa volti, nukta moja baada ya nyingine. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina nukta 2,073,600, zinachorwa upya mara 60 kwa sekunde, na ukihesabu na nafasi zinazoachwa kati ya mistari unapata mwendo wa nukta milioni 148.5 kila sekunde. Mkalimani wa kasi hiyo lazima ale.

Anakula wapi? Kwenye HDMI kuna pini moja inayotoa volti 5. Sharti la kiwango cha HDMI ni kwamba kompyuta itoe angalau miliampia 55 pale. Nilipiga hesabu: volti 5 mara 0.055 ni wati 0.275. Chaja ya simu ya kawaida kabisa, ile ya ampia 1, inatoa wati 5. Ni mara 18 na ushee. (18! Nilicheka peke yangu. Asilimia hiyo ya VAT hainiachi, hata kwenye adapta.) Laptopu nyingi hutoa zaidi ya hiyo miliampia 55, lakini hazidaiwi. Kwa hiyo chipu yangu ilikuwa inafanya kazi ya punda kwa chakula cha kuku. Ikipungukiwa, inazima na kujiwasha upya, na ikizima ile sekunde laptopu inaona kama mtu kachomoa. Ndiyo ile sauti. Ndiyo madirisha kukimbia.

Hata ile picha iliyovimba ina sababu. Monita hubeba kitambulisho chake kidogo, baiti 128, kinachosema mimi ni fulani, upana wangu huu, kasi yangu hii. Laptopu hukisoma kupitia waya kila inapounganishwa. Kidude kikiamka hovyo na kitambulisho kisisomeke, laptopu hubahatisha ukubwa mdogo ambao haumkosei mtu. Kwangu ilibahatisha 1024 kwa 768.

Nilitaka ushahidi, siyo nadharia. Nikashusha picha kuwa 1280 kwa 720, ambayo mwendo wake ni milioni 74.25 kwa sekunde, nusu kamili ya ule mwingine. Nikainua mkia wa adapta juu ya kalamu mbili ili usipigwe na ile hewa. Nikakaa. Saa nane mchana, saa tisa, saa kumi. Haikuzima hata mara moja. Herufi zilikuwa nene kama za bango la harusi na jedwali la safu 14 lilionyesha safu sita, lakini ritani zote sita zilikwenda usiku ule wa tarehe 19, ya mwisho saa nne na dakika kumi. Daftarini niliandika: mchana mzima, sifuri.

Kesho yake, nikiwa sina presha, ndipo nilipoikagua adapta vizuri. Ubavuni ina kitundu. Nilikuwa nikikiona na kudhani ni cha kuichaji, na kwa kuwa haina betri nikadhani ni pambo. Ni cha kuilisha. Kitundu cha USB ile ndogo ya simu za zamani, na waya wake ulikuja ndani ya boksi, nao ulikuwa kwenye droo pamoja na funguo zisizojulikana za nini. Nikauchomeka kwenye chaja ya simu, nikarudisha 1920 kwa 1080. Siku nzima ilizima mara mbili, badala ya mara nane au tisa. Kwa mtu mwingine hapo ndipo pa kuishia, na kama adapta yako ina kitundu hicho, anza hapo kabla ya kumpigia fundi yeyote. Mimi mara mbili zilinikera. Chipu ilishachoka, nadhani. Miaka miwili ya kupulizwa moto si mchezo.

Nilikuwa nimelala, macho juu, nikikubali moyoni kununua adapta ya tatu, nilipokumbuka kijana wa stationari. Alisema nini kule nyuma ya monita?

Nilishuka asubuhi bila hata kunywa chai. "Kaka, juzi ulisema nini ulipoigeuza?"

"Nilisema hii ina DVI, dada. Nikadhani unajua."

Sikujua. Nikapanda, nikaigeuza monita, na pale pembeni ya tundu la bluu palikuwa na tundu jeupe, pana, lenye mistari ya vitobo na kimoja kirefu kama mpasuko. Lilikuwa na kifuniko cha plastiki na vumbi la miaka miwili. Nilikuwa nimekichukulia kuwa sehemu ya gamba. DVI ni ya 1999, na HDMI ilijengwa juu yake. Kwa upande wa picha ni namba zilezile, kwa lugha ileile. Hakuna mkalimani. Hakuna chipu ya kulisha. Unanunua waya, huku HDMI, kule DVI, unachomeka. Unachokosa ni sauti, na monita yangu spika haina.

Waya huo Kariakoo ulinigharimu 12,000. Muuzaji alitaka kuniuzia na adapta.

Nilipowasha, kwanza nilidhani nimevaa miwani ya mtu mwingine. Kwa VGA kila herufi ilikuwa na kivuli chembamba upande wa kulia, kama wino uliolowa, na nilishazoea mpaka nikadhani ndivyo monita za mtumba zilivyo. Miaka miwili nimekuwa nikiinama kutofautisha 8 na 6 na 3. Sasa 8 ni 8 nikiwa nimeegemea kiti. Nilifungua jedwali la mteja wa vifaa vya ujenzi ili tu niliangalie. Safu zote 14.

Daftari nililiendeleza wiki moja zaidi kwa mazoea. Saa, friji, giza, laptopu ilijua. Kurasa ni tupu. Ile adapta nyeupe iko kwenye droo pamoja na dada yake wa upande usio sahihi, shilingi 30,000 zimelala humo pamoja na zile funguo.

Mwanangu alivuta kigoda akakaa mbele ya monita, akisubiri kiboksi cha bluu kitokee. Alikaa kama nusu saa. Kisha akaniuliza Nosigino kaenda wapi, na nilipomwambia kapona akasema hapana, kalala.